Nani Kapanga Bei ya Nyanya? Mwongozo Kamili wa Kufundisha Vijana Ugavi na Mahitaji

Nenda Soko la Mbuyuni, Moshi, saa mbili asubuhi, kisha rudi jioni ileile wakati wauzaji wanaanza kukunja maturubai. Asubuhi fungu la nyanya la shilingi mia tano linaweza kuwa na nyanya tatu ngumu. Jioni, kwa mama yuleyule na meza ileile, fungu la mia tano lina nyanya tano, na ukisitasita anakuongezea ya sita. Hakuna aliyetangaza bei mpya wala kibao kilichobadilishwa, lakini bei imeshuka karibu nusu.

Nimefundisha jambo hili kwa vijana wa kidato cha pili na cha tatu kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilianza na mchoro: mistari miwili inayokatana, mmoja wa ugavi, mwingine wa mahitaji. Waliunakili vizuri, na kwenye mtihani walipata alama. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua kubwa ilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika na bei ikaruka. Nikawauliza kwa nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: Mangi, mwenye duka, kaificha stoo. Mchoro ulikuwa kwenye daftari, lakini kichwani haukuwamo. Tangu siku hiyo nikageuza mpangilio: kwanza soko, mchoro mwisho. Utaratibu ninaoutumia ndio huu. Unahitaji vipindi vinne au vitano, karatasi ngumu, ubao, mizani moja na karanga nusu kilo.

Kwanza safisha maneno

Usiruke sehemu hii, kwa sababu maneno yetu mawili yanapotosha. "Mahitaji" kwa Kiswahili cha kila siku ni vitu ambavyo mtu hana budi kuwa navyo: chakula, dawa, sare ya shule. Kijana akisikia "mahitaji ya nyanya yamepungua" anashangaa, kwani watu wameacha kula? Sokoni neno lina maana finyu zaidi. Ni kiasi ambacho watu wako tayari kununua kwa bei fulani, pesa ikiwa mkononi. Mwenye njaa asiye na shilingi haonekani kwenye hesabu ya soko. Waambie hivyo bila kuficha. Watauliza kama ni haki, na hilo ni swali zuri kuliko yote watakayouliza wiki hiyo. Usilijibu haraka.

"Ugavi" nalo linawapeleka kwenye kugawa, kana kwamba kuna mtu anayegawia watu mafungu yao. Hapa maana yake ni kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa bei fulani. Mkulima mwenye matenga ishirini shambani ambaye bei ya leo hairudishi hata gharama ya kuyavuna hajaleta ugavi wowote sokoni. Nyanya zake zitaozea shambani, na macho ya soko hayatamwona.

Hatua ya kwanza: wapeleke sokoni na mizani

Wagawe katika makundi ya watu wanne. Kila kundi lichague bidhaa mbili: nyanya, vitunguu, ndizi, mahindi, maharage, mayai, chochote kinachouzwa karibu na nyumbani kwao. Waende mara mbili kwa siku moja, asubuhi na jioni, na siku nyingine wakati wa gulio kama liko jirani. Wasalimie kabla ya kuuliza, "shikamoo mama" itangulie, na waeleze kuwa ni kazi ya shule. Wasisimame mbele ya meza wakati kuna wateja. Mama yule yuko kazini.

Waandike bei, lakini waandike pia kipimo, tena wapime. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwetu bei mara nyingi haibadiliki kwa namba, inabadilika kwa ujazo. Fungu linakuwa kubwa au dogo, sado, kile kindoo cha kupimia, inajazwa mpaka inakuwa na kilima juu au inakatwa sawa na mdomo. Gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kichwa, ni punguzo la bei lililofichwa, na anayelibeba punguzo hilo ni mkulima. Ndiyo maana sheria ya vipimo inalikataza. Kila kundi ligeuze bei yake iwe ya kilo moja. Kijana akigundua kwamba fungu la mia tano asubuhi na fungu la mia tano jioni ni bei mbili tofauti, tayari umeshafundisha theluthi ya somo.

Wakirudi darasani, waulize: nani kaibadilisha? Andika majibu yote ubaoni bila kusahihisha. Utapata serikali, madalali, wakulima, walanguzi, Mungu. Yaache pale ubaoni.

Hatua ya pili: tengeneza kadi

Kata kadi ishirini, kumi za wanunuzi na kumi za wauzaji, kwa rangi mbili. Bidhaa ni moja tu, sado moja ya nyanya.

Kwenye kadi za wanunuzi andika 6,000, 5,500, 5,000, 4,500, 4,000, 3,500, 3,000, 2,500, 2,000 na 1,500. Namba hii ni bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi huyo anaweza kulipa. Mwenye 6,000 ana mgahawa na wateja wanamsubiri. Mwenye 1,500 atapika mchuzi hata bila nyanya.

Kwenye kadi za wauzaji andika 1,000, 1,500, 2,000, 2,500, 3,000, 3,500, 4,000, 4,500, 5,000 na 5,500. Hiyo ni gharama ya kuifikisha sado sokoni: mbegu, dawa, vibarua, nauli ya mzigo, ushuru. Chini ya hapo muuzaji anapata hasara. Mwenye 1,000 analima jirani kwa maji ya mfereji. Mwenye 5,500 katoa mzigo mbali na kukodi kenta.

Darasa likiwa na watu sitini, kama ilivyo kwenye shule zetu nyingi, kila kadi iwe na watu watatu: mmoja anapatana, mmoja anaandika hesabu, wa tatu anakaza macho ubaoni na kumnong'oneza mpatanaji. Nimeona utatu huu ukifanya kazi vizuri kuliko darasa dogo, kwa sababu wanabishana wenyewe kwa wenyewe.

Hatua ya tatu: fungua soko

Kanuni ni chache. Kadi ni siri. Kila mtu ananunua au anauza sado moja tu kwa mzunguko. Kuuza au kununua kwa namba ileile ya kadi kunaruhusiwa, ila kuivuka kwa upande wa hasara hakuruhusiwi. Wakikubaliana wanakuja mbele pamoja, wanataja bei kwa sauti, na wewe unaiandika ubaoni papo hapo. Faida ni tofauti kati ya kadi na bei, kwa hiyo mwenye kadi ya 6,000 aliyenunua kwa 4,000 amepata 2,000, na muuzaji wa 1,000 aliyeuza kwa 4,000 amepata 3,000. Mwisho wa mizunguko yote, kila 500 ya faida ni karanga moja. Usidharau karanga. Bila kitu cha kugombania vijana watapatana kwa upole, na soko la upole halifundishi kitu.

Mpe kila mzunguko dakika tano. Wa kwanza utakuwa vurugu, na bei zitatawanyika: mmoja kauza kwa 2,000 na kujiona mjanja, mwingine kanunua kwa 5,000 na kujiona ameokoka. Usiingilie. Rudia kwa kadi zilezile, kisha rudia tena. Kufikia mzunguko wa tatu au wa nne bei zinaanza kujikusanya karibu na 3,500, na sado tano au sita zinauzwa kila mara.

Wewe tayari unajua kwa nini, maana umeziona kadi zote. Kwa 3,500 kuna wanunuzi sita wanaoweza na wauzaji sita wanaoweza. Kwa 4,500 wanunuzi ni wanne na wauzaji wanane, kwa hiyo wauzaji wanne wanabaki na mzigo mikononi na kuanza kushusha. Kwa 2,500 wanunuzi ni wanane na wauzaji wanne, kwa hiyo wanunuzi wanaanza kupandiana dau. Hakuna hata mmoja darasani anayeijua 3,500, na bado wote wamefika hapo.

Mambo mawili hayana mjadala: bei kuandikwa ubaoni, na mizunguko kurudiwa. Edward Chamberlin, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichezesha soko la namna hii na wanafunzi wake na mwaka 1948 akachapisha matokeo ambayo hayakufuata nadharia. Mmoja wa waliowahi kukaa kwenye masomo yake, Vernon Smith, aliufanyia mchezo marekebisho mwaka 1956: bei zikatangazwa kwa wote, na soko likafunguliwa tena na tena kwa thamani zilezile. Bei zikatulia. Mwaka 2002 Smith alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi iliyoanzia kwenye mchezo huo. Wasimulie vijana habari hii baada ya mzunguko wa nne, si kabla. Kabla yake ni hadithi ya Wamarekani. Baada yake ni hadithi yao wenyewe.

Hatua ya nne: badilisha kadi, na hesabu mzigo

Hiki ndicho kipindi ambacho ningekitetea kama ningeruhusiwa kufundisha kimoja tu.

Waambie: masika imekata barabara, kenta haipiti, mzigo unabebwa na vibarua mpaka lami. Kila muuzaji aongeze 2,000 kwenye namba ya kadi yake. Wanunuzi hawajaguswa. Kabla ya kufungua soko, kila mmoja aandike bei anayotabiri. Karibu wote wataandika 5,500, yaani 3,500 jumlisha 2,000. Gharama imepanda elfu mbili, bei itapanda elfu mbili, si ndivyo tunavyosema mitaani?

Fungua soko mizunguko miwili. Bei itasogea kuelekea 4,500. Imepanda elfu moja tu.

Wape muda wabishane kuhusu elfu moja nyingine iliko. Wasaidie kwa swali: kwa 5,500 ni wanunuzi wangapi waliobaki? Wawili. Na wauzaji ambao wangekubali? Sita. Wanne wangerudi nyumbani na nyanya zinazoiva, kwa hiyo wanashusha. Muuzaji wa kadi ya 1,000 ambaye jana alipata faida ya 2,500 leo kadi yake ni 3,000, anauza kwa 4,500 na kupata 1,500. Elfu moja iliyopotea imetoka mfukoni mwake. Mzigo wa barabara mbovu wameubeba wote wawili, mnunuzi nusu na muuzaji nusu. Nusu kwa nusu imetokea kwa sababu kadi zetu zinapishana sawasawa. Sokoni mzigo mkubwa humwangukia asiye na pa kukimbilia. Kwa chumvi ni mnunuzi, maana hakuna anayeacha chumvi kwa sababu imepanda kidogo. Kwa nyanya zilizoiva saa kumi na mbili jioni ni yule mama wa Mbuyuni.

Andika ubaoni, pembeni, kwa herufi kubwa: 4,500, sado 4.

Sasa rudisha kadi za wauzaji kwenye namba zake za mwanzo. Ni Desemba. Watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, mabasi yamejaa, kila ukoo una mgeni na kila jiko lina sufuria kubwa. Kila mnunuzi aongeze 2,000 kwenye kadi yake. Watabiri, wafungue soko. Bei itaelekea tena 4,500, lakini safari hii sado zinazouzwa zinakaribia nane. Andika chini ya ile ya kwanza: 4,500, sado 8.

Kaa kimya uwaache waitazame. Bei ni ileile, malalamiko ya mnunuzi ni yaleyale, na bado soko moja limesinyaa wakati jingine limefurika. Katika lile la kwanza muuzaji analia pamoja na mnunuzi, katika la pili muuzaji anacheka. Mtu anayeangalia bei peke yake hawezi kuyatofautisha, na ndivyo tunavyofanya karibu wote tunapozungumzia maisha kupanda. Lazima uulize pia mzigo kiasi gani umeuzwa.

Toka hapo wape swali moja la kubeba kila mahali: kadi ya nani imebadilika? Linawaokoa kwenye kosa linalowasumbua hata wakubwa, la kusema "bei imepanda, kwa hiyo mahitaji yameshuka, kwa hiyo bei itashuka tena." Kwenye masika wanunuzi walinunua kidogo, lakini kadi zao hazikuguswa. Waliokaa pembeni wangerudi siku barabara ikifunguliwa.

Wape mifano ya kweli walijaribu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Kwa siku zile, kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Namanga au Holili, kadi za nani ziliondoka mezani? Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni Brazil, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Kilimanjaro haikupata baridi ile. Kwa nini basi bei ya kahawa yake nayo ilipanda? Hapo kijana anaanza kuona kuwa mnada wa kahawa wa Moshi ni kona moja ya soko lenye ukuta mrefu mno.

Hatua ya tano: weka bei elekezi, kisha watume kwa babu na bibi

Rudisha kadi zote za mwanzo. Tangaza kuwa ni marufuku kuuza zaidi ya 2,500. Wanunuzi watashangilia, halafu soko litafungwa ndani ya dakika moja: wauzaji wanne tu ndio wanaoweza, na wanunuzi wanane wanataka. Angalia nani amekosa. Mara nyingi mwenye mgahawa wa 6,000 anatoka mikono mitupu na mwenye 2,500 aliyekuwa karibu na muuzaji amepata. Utaona pia, kama ukiwa makini, watu wakinong'onezana pembeni. Hiyo ni bei ya mlango wa nyuma, imezaliwa mbele ya macho yako.

Kazi ya nyumbani: wamwulize mzee wa miaka sitini na kwenda mbele jinsi walivyopata sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tume ya Bei ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, bidhaa nyingi zikapangiwa bei, na mpaka wa Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Watarudi na habari za foleni, za mgawo, za vitu vilivyopita porini usiku. Watasikia pia neno "mlanguzi" likitamkwa kwa uchungu wa mwaka 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wasikilize kwa heshima, na usiwape nafasi ya kuwadharau wazee wao. Upungufu ule ulikuwa na sababu nyingi: vita vya Uganda, mafuta ghali, fedha za kigeni kukosekana. Bei iliyopangwa iliuzidisha, ikaamua nani akose, na akose vipi.

Ili wasiondoke wakidhani kila bei inayopangwa huleta foleni, walinganishe na mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo ya petroli na dizeli kila mwezi na kuirekebisha kufuatana na gharama ya kuagiza. Kikomo kinachofuata gharama hakifukuzi wauzaji. Kile cha 2,500 darasani kiliwafukuza wawili kati ya sita waliokuwa wakiuza.

Hatua ya sita: sasa chora

Panga kadi za wanunuzi ubaoni kutoka kubwa kwenda ndogo, na za wauzaji kutoka ndogo kwenda kubwa. Ngazi mbili zinakatana kwenye 3,500. Pitisha mstari juu ya kila ngazi na umemaliza. Dakika kumi na tano zinatosha.

Daftari la miezi mitatu

Liko jambo ambalo mchezo hauwezi kulionyesha: ugavi huchelewa. Nyanya huchukua kama miezi mitatu kutoka kuhamishwa kitaluni hadi kuvunwa, na mbuni huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Mkulima anapoona nyanya zimepanda bei anapanda, na jirani yake anapanda, na kijiji kizima kinapanda. Wote wanavuna wiki moja. Wamefukuzia bei ya miezi mitatu iliyopita.

Kwa hiyo kila kundi liwe na daftari kuanzia Oktoba. Kila Jumamosi waandike bei ya kilo ya bidhaa zao mbili, na kwa kukadiria tu, matenga au magunia mangapi yamepangwa kwenye meza tano walizozichagua. Kila kundi liongeze mbuzi mmoja wa wastani, aulizwe bei sokoni mara moja kwa mwezi. Likizo ya Desemba isiwe sababu ya kuacha kuandika, maana huo ndio mwezi wenyewe. Shule zikifunguliwa Januari, kila kundi lisimame na kusoma safu zake mbili, bei na mzigo, na wenzao waseme kadi ya nani ilibadilika kabla hawajaambiwa.